Matairi ya gari la spoti: anza na yale unayodhani bado mazima

Swali: Nimenunua gari la spoti la milango miwili, lililotumika. Injini iko mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Mbele lina matairi 225/40 R18 92Y, nyuma 255/35 R18 94Y. Ya nyuma yamekwisha, hasa upande wa ndani. Ya mbele ni ya kampuni nyingine, yana mifereji yenye kina cha milimita 4.5 na tarakimu 3817. Fundi anasema ninunue mawili ya nyuma tu, tena ya bei nafuu, au nipande hadi 275 ili gari lishike zaidi. Rafiki yangu anataka niweke semi-sliki kote, yale matairi ya uwanja wa mbio yanayoweza pia kupita barabarani. Mimi mwenyewe nimetamani rimu za inchi 19. Gari nalitumia kwenda kazini karibu kila siku, mvua na jua, na mara mbili tatu kwa mwaka nalipeleka kwenye uwanja wa mbio. Nichague lipi?

Ndugu yangu, nashukuru umepima kina na kuandika tarakimu zote kama zilivyo ubavuni mwa tairi. Bila hizo ningekujibu kwa kubahatisha. Tena ni hizo tarakimu zilizonifanya nisianze na matairi ya nyuma uliyoniulizia, bali ya mbele, ambayo wewe na fundi wako mmekwisha kuyahesabu kuwa mazima.

3817 maana yake tairi lilitoka kiwandani wiki ya 38 ya mwaka 2017. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka; ndivyo matairi yanavyoandikwa tangu mwaka 2000, mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT. Kina cha milimita 4.5 ni kizuri, sikatai. Lakini mpira wa tairi la spoti haufi kwa kulika tu. Unazeeka pia. Mafuta yaliyochanganywa humo ili kuulainisha hupotea kidogo kidogo, joto na oksijeni huukaza, na ule ulaini uliokuwa ukijipenyeza kwenye vinyweleo vya lami unageuka ugumu. Kwa macho tairi linaonekana bado lina maisha. Ukilibonyeza kashata, yale matofali ya mpira yaliyo kati ya mifereji, kwa kidole gumba unahisi kama unabonyeza soli ya kiatu cha zamani. Watengenezaji kadhaa wa magari wanashauri tairi likifika miaka 6 libadilishwe hata kama kashata bado ndefu, na kampuni kubwa za matairi zinaweka ukomo wa miaka 10 kwa tairi lolote, likiwemo la spea ambalo halijawahi kugusa barabara. Kwa gari la familia linalotembea taratibu huwa nina subira kidogo ndani ya muda huo. Kwa gari lako sina.

Magari ya spoti ndiyo yanayoumia zaidi kwa jambo hili, kwa sababu mengi hukaa gereji muda mrefu na matairi yake huzeeka kabla ya kulika. Novemba 2013 mwigizaji Paul Walker alifariki akiwa abiria ndani ya Porsche Carrera GT. Wachunguzi walitaja mwendo kasi kuwa chanzo cha ajali ile, ila ripoti zilieleza pia kwamba matairi ya gari yalikuwa na umri wa miaka 9. Sisemi tairi jipya lingeokoa mtu katika mwendo ule. Nasema gari lenye nguvu nyingi halistahili kupewa mpira uliokufa likaachwa liendelee kuitwa zima.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: nunua matairi manne, ya kampuni moja na modeli moja, kwa saizi zilezile ulizonazo sasa, kutoka kundi la matairi ya spoti ya barabarani. Ukifika kuchagua kati ya modeli mbili au tatu nzuri, chagua kwa jinsi linavyofunga breki na kushika kona kwenye maji. Kwenye lami kavu na yenye joto, karibu kila tairi la kundi hilo litakupa mshiko kuliko unaoweza kuutumia barabarani bila kuvunja sheria. Tofauti zinazoamua kama utafika salama zinaonekana mvua inaponyesha.

Hebu tulitazame jambo la maji kwa hesabu, maana wengi hulisikia kama nasaha tu. Sehemu ya tairi inayogusa lami kwa wakati mmoja, ule unyayo wake, inakaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Viganja vinne ndivyo vinavyolishika gari lako lote. Sasa chukua tairi lako la mbele lenye upana wa milimita 225, barabara yenye maji ya kina cha milimita 3, na mwendo wa kilomita 90 kwa saa, yaani mita 25 kila sekunde. Zidisha: tairi moja linakutana na karibu lita 17 za maji kila sekunde. Hiyo ni pungufu kidogo ya ndoo ya lita 20, kila sekunde, na maji hayo yote lazima yapate pa kwenda, kupitia mifereji au pembeni, kabla mpira haujagusa lami. Yasipopata njia, tairi hupanda juu yake na gari likaelea. Usukani unakuwa mwepesi mkononi, na wakati huo hakuna breki wala ufundi wa dereva utakaosaidia mpaka mpira urudi chini.

Ndiyo maana tairi jipya la spoti lenye kina cha milimita 7 au 8 na tairi hilohilo likiwa na milimita 2 ni vitu viwili tofauti, ingawa kwenye jua huwezi kuona tofauti. Pengine hata lile lililolika litakupa hisia kali zaidi ya usukani, kwa kuwa kashata fupi haziyumbi. Sheria za Ulaya zinaruhusu hadi milimita 1.6, na vile vidaraja vidogo vya mpira ndani ya mifereji vimewekwa kwenye urefu huo. Mimi kwa gari pana na lenye kasi siisubiri 1.6. Kina kikifika 3, naanza kutafuta matairi mengine.

Na hapa ndipo ushauri wa kununua mawili ya nyuma tu unapovunjika. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma lina mizani yake: waliolibuni walipima mbele ishike kiasi gani, nyuma kiasi gani, ili ukizidisha mwendo kwenye kona pua ianze kuteleza kabla ya mkia. Pua ikiteleza, dereva wa kawaida huondoa mguu kwenye mafuta na gari linarudi. Mkia ukifyatuka kwanza, mwendo huohuo wa mguu unaweza kuuzidishia. Ukiweka nyuma tairi jipya la bei nafuu, ambalo mpira wake haushiki kwenye maji, na mbele ukabaki na tairi la kampuni nyingine lililokakamaa, huna tena mizani. Huenda siku ya jua ikaanza pua, siku ya mvua ukaanza mkia, na asubuhi ya baridi ikawa kitu kingine kabisa. Gari ambalo tabia yake inabadilika kwa hali ya hewa halifundishiki, huwezi kulizoea.

Kama matairi ya mbele yangekuwa ya mwaka jana au juzi, ya modeli nzuri, na modeli hiyo bado inauzwa, ningekuambia bila wasiwasi: nunua mawili kama hayo ya nyuma, endesha. Nyuma ndiko kunakopaswa kuwa na matairi yenye kina zaidi, hata kwa magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, na wengi hawaamini mpaka waone gari likigeuka kwenye dimbwi. Kwako njia hiyo imefungwa na ile 3817. Magari yanayosukuma magurudumu yote manne nayo yana sharti lao: tofauti ndogo ya mzunguko kati ya tairi jipya na lililolika inailazimisha difu ya kati kufanya kazi bila kupumzika. Subaru, kwa mfano, huwataka wenye magari yao matairi yasitofautiane mzunguko zaidi ya robo inchi.

Sasa 275. Fundi wako ana nia njema, na ni kweli kwamba tairi pana zaidi linaweza kushika zaidi kwenye lami kavu. Lakini soma namba zako. Katika 255/35 R18, 255 ni upana kwa milimita, 35 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia 35 ya upana huo, na 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu wako una milimita 89.25, ukiuhesabu juu na chini, ukaongeza rimu ya milimita 457.2, unapata tairi lenye kipenyo cha milimita 635.7. La mbele ukilihesabu hivyohivyo linafika 637.2. Unaona walivyozikaribisha? Si bahati. Mfumo wa breki za ABS na ule unaozuia gari lisiserereke unasoma kasi ya kila gurudumu na kuzilinganisha. Ukifunga 275/35 R18 nyuma, kipenyo kinapanda hadi 649.7, zaidi ya asilimia 2. Ukikimbilia 275/30 R18 kinashuka hadi 622.2. Hakuna 275 ya rimu hiyo inayokaa mahali pake. Halafu rimu yenyewe: 255 ya kimo hicho inafungwa kwenye rimu ya upana wa inchi 8.5 hadi 10. Kama yako ni ya 8.5, 275 itakaa imebanwa mdomo na kuvimba kiunoni, na unyayo wake hautakuwa ule uliolipia. Tena ukiongeza mshiko nyuma peke yake, pua inazidi kugoma kuingia kona. Utakuwa umelipa zaidi ili gari liwe zito usukanini.

Rimu za 19 nazielewa, maana najua zinavyobadilisha sura ya gari. Vipenyo vinawezekana: 225/35 R19 mbele inakupa 640.1, na 255/30 R19 nyuma 635.6. Tatizo limejificha kwenye namba ambayo watu huiruka, ile ya uzito. Tairi lako la mbele limeandikwa 92, maana yake linabeba hadi kilo 630. La nyuma 94, kilo 670. Katika inchi 19, saizi nilizozitaja kwa kawaida hutengenezwa kwa 88 na 91, yaani kilo 560 na 615, hata zikiwa za aina iliyoimarishwa yenye alama XL. Unapoteza kilo 70 kwa kila tairi la mbele. Ubavu nao umebaki kama milimita 78 mbele na 76 nyuma, na huo ndio mto pekee kati ya rimu na shimo la barabarani. Rimu kubwa mara nyingi ni nzito zaidi, na uzito unaozunguka chini ya springi ndio uzito mbaya kuliko wote kwenye gari la spoti: usukani unachelewa na shokamzoba zinahangaika. Kama kiwanda kiliuza gari lako pia na inchi 19, tafuta saizi zake kamili kwenye kitabu cha gari au kibandiko cha nguzo ya mlango, na hakikisha namba ya uzito inafika. Kama hakikuuza, mimi ningebaki na 18. Fedha ya rimu inanunua matairi bora, na inabaki.

Herufi ya mwisho, Y, ni mwendo: tairi limepimwa kuhimili kilomita 300 kwa saa. W ni 270, V ni 240, H ni 210. Usikubali kushushwa kwa maelezo kwamba hutafika mwendo huo. Herufi hiyo inasema pia jinsi tairi lilivyojengwa kuhimili joto na kukaa imara kwenye kona.

Rafiki yako na semi-sliki. Matairi kama Michelin Pilot Sport Cup 2, Pirelli P Zero Trofeo R au Yokohama Advan A052 ni kazi ya hali ya juu, na kwenye uwanja wa mbio siku ya jua hakuna utakachofunga kitakachokufurahisha kuliko hayo. Shida ni siku nyingine zote. Mifereji yake ni michache, kina chake kikiwa kipya ni kidogo, na mpira wake unataka joto ndipo ushike. Wewe unaenda kazini asubuhi, tairi likiwa la baridi, pengine mvua imenyesha usiku kucha. Kwa hali hiyo semi-sliki linakuwa dhaifu kuliko tairi la gari dogo la kawaida. Kama uwanja umekuingia moyoni, nunua seti ya pili ya rimu za 18, funga hayo, uyabebe siku hizo mbili tatu. Kuyatumia kwenda kazini hapana, na hilo nalisema kwa uzito wote nilio nao.

Kinachobaki ndicho kundi lako: matairi ya spoti ya barabarani ya daraja la juu. Humo kuna Michelin Pilot Sport 4S na mrithi wake Pilot Sport S 5, Continental SportContact 7, Bridgestone Potenza Sport, Goodyear Eagle F1 Asymmetric 6, Pirelli P Zero, Hankook Ventus S1 evo 3. Yote ni mazuri, lakini hayafanani tabia. SportContact 7 linasifika kwa maji na kwa kuitikia usukani. Pilot Sport 4S limejijengea jina kwa kudumu na kwa kutobadilika sana tabia linapolika. Potenza Sport lina mshiko mkali na usukani wa haraka, ila mpira wake huisha mapema kuliko wa wenzake. Asymmetric 6 ni tulivu zaidi, na kwa mtu anayesafiri mbali utulivu huo si jambo dogo. Kwa matumizi uliyonieleza, ningeanza na SportContact 7 au Pilot Sport 4S, kwa sharti kwamba mbele na nyuma vinapatikana kwa saizi zako zote mbili. Hilo hakikisha kabla ya kulipa chochote. Kwa magari yenye saizi tofauti mbele na nyuma, mara nyingi modeli inakosekana kwa saizi moja, na hapo ndipo watu huishia kuchanganya bila kukusudia.

Majaribio ya kusoma yapo. ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, na jarida la Auto Bild, kila mmoja kivyake, hulinganisha matairi mengi kwa gari moja na uwanja mmoja. Tafuta jaribio la saizi iliyo karibu na yako, soma safu ya breki kwenye maji na safu ya kona kwenye maji, ndipo usome nyingine. Usitazame mshindi wa jumla peke yake, kwa sababu alama za jumla huingiza kelele, matumizi ya mafuta na bei, na huenda wewe hayo umeyaweka nyuma.

Kibandiko cha Umoja wa Ulaya, kinachotumika kwa herufi A hadi E tangu Mei 2021, kina alama ya breki kwenye maji: kwa gari lako usishuke chini ya B, na A zipo za kutosha. Lakini kumbuka herufi hiyo imepatikana kwa tairi jipya likifunga breki kwenye mstari ulionyooka. Haisemi lolote kuhusu kona wala kuhusu siku tairi litakapokuwa limelika nusu. Alama za Marekani zilizochorwa ubavuni, kama 300 AA A, zina upungufu unaofanana. Herufi za AA ni za breki kwenye maji, mstari ulionyooka vilevile. Namba ya kwanza ni ya kudumu, na kampuni yenyewe ndiyo inayoitangaza ikilinganisha na tairi la kipimo lenye 100. Kwa hiyo inafaa kulinganisha modeli mbili za kampuni moja kuliko za kampuni mbili. Ukiona 200 au chini yake, jua mpira ni laini wa kukimbizia. Ukiona 500 kwenye tairi linalotangazwa kuwa la spoti, jiulize mshiko umepelekwa wapi.

Ukichunguza ubavu wa matairi yako ya sasa unaweza kukuta alama ndogo: nyota kwa BMW, MO kwa Mercedes-Benz, N0 au N1 kwa Porsche, AO kwa Audi. Maana yake tairi lile lilirekebishwa kwa ajili ya watengenezaji hao, wakati mwingine mpira, wakati mwingine nyuzi za ndani. Matairi mawili ya jina moja, moja lina alama na jingine halina, si lazima yawe na tabia moja. Si kosa kufunga yasiyo na alama, ila manne yawe sawa. Porsche hata N0 na N1 hawapendi zichanganywe kwenye gari moja.

Nikwambie kitu kingine ambacho hunipa moyo kila nikikumbuka. Toyota walipotoa gari la spoti GT86 mwaka 2012, modeli nyingi zilifungwa Michelin Primacy HP 215/45 R17, tairi la kawaida ambalo lilitumika pia kwenye Prius. Walitaka gari liteleze mapema, kwa upole, dereva alihisi na kulicheza kwa mwendo mdogo. Tairi lenye mshiko mkubwa kuliko yote halikuwa ndilo walilolitafuta. Nataja hili ili ujue kwamba kuchagua tairi ni kuchagua tabia ya gari zima, na ukijijua unapenda gari la namna gani utasoma majaribio kwa macho mengine.

Kama unaishi au unasafiri mahali penye baridi, tambua kwamba matairi niliyoyataja ni ya msimu wa joto. Chini ya nyuzijoto 7 hivi mpira wake unaanza kukaza, na kwenye baridi ya kuganda baadhi yanaweza kupasuka kashata hata kwa kusogezwa tu gereji. Huko unahitaji seti ya baridi.

Tukirudi kwenye yale ya nyuma yaliyoisha upande wa ndani. Usifunge matairi mapya kabla hujajua sababu. Gari la spoti huwa limelazwa magurudumu kidogo, juu yakiingia ndani, ili kwenye kona unyayo ukae sawa. Kwa hiyo kulika kidogo zaidi ndani ni kawaida. Kulika hadi vidaraja huku nje kuna nyama si kawaida. Mara nyingi mlalo peke yake haufanyi hivyo. Kinachokula mpira ni uelekeo, magurudumu ya nyuma yakiwa hayatazami mbele sawasawa, yanakwangua lami kila mita ya safari. Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi: upande mmoja ukiwa laini na mwingine ukikwaruza kama msumeno, ni uelekeo. Kwa gari lililotumika, kwanza zikaguliwe bushi za mikono ya nyuma, kwa sababu bushi iliyolegea itakubali alaimenti kwenye mashine na kuikana barabarani. Bushi zikiwa nzima, funga matairi, piga alaimenti ya magurudumu manne siku hiyohiyo, na uombe karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Gereji isiyokupa karatasi, nenda nyingine.

Wakati wa kufunga simama karibu. Angalia tarehe za matairi mapya kabla hayajapanda kwenye mashine; manne yakaribiane, na mimi sipokei lenye zaidi ya miaka miwili. Modeli nyingi kati ya nilizotaja zina upande wa nje na wa ndani, na neno linaloonyesha upande wa nje lazima lionekane ukisimama kando ya gari. Niliwahi kuletewa gari ambalo mwenyewe alikuwa amehangaika nalo mwezi mzima: kwenye mvua lilikuwa salama kona za kulia, kona za kushoto linateleza. Shokamzoba zilishabadilishwa, alaimenti imepigwa mara mbili. Tairi moja la mbele lilikuwa limefungwa ndani nje. Nusu saa kwenye mashine, likapona.

Upepo ujazwe kwa kipimo cha kibandiko cha gari, matairi yakiwa ya baridi, yaani kabla ya kuendeshwa asubuhi. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni ukomo wa tairi, si kipimo cha gari lako. Joto la hewa likishuka nyuzi 10, upepo nao hupungua kama psi 2, kwa hiyo pima tena msimu unapobadilika. Kuhusu naitrojeni, ukipewa bure ipokee; hewa ya kawaida ina asilimia 78 ya naitrojeni tayari, na geji nzuri ya mkononi itakusaidia zaidi.

Bajeti ikibana, usinunue mawili bora ukangoja mengine. Shuka daraja moja, kwa kampuni inayojulikana na modeli iliyofanya vizuri kwenye maji katika majaribio, ununue manne. Hata hiyo ikishindikana kwa sasa, liegeshe gari siku za mvua mpaka utimize, maana nyuma yamekwisha kabisa na mbele yamezeeka.

Yakishafungwa, kilomita 300 za mwanzo nenda nayo taratibu. Matairi mapya hutoka na utando wa dawa ya kuyavulia kwenye kalibu, na kashata ndefu huyumba kidogo chini ya gari, kwa hiyo usukani utauhisi mlegevu ukilinganisha na ulivyozoea. Usikimbilie kuongeza upepo kuuponya ulegevu huo. Baada ya kilomita 50 hadi 100 za mwanzo rudisha gari nati zikazwe tena kwa spana yenye kipimo, kisha kila mwezi pima kina sehemu tatu za kila tairi la nyuma, ndani, kati na nje, uandike. Namba ya ndani ikianza kuziacha nyingine mapema, niandikie tena pamoja na ile karatasi ya alaimenti.